Je, Wajua Kwa Nini Diski Moja ya Breki Huchongwa na Nyingine Hutupwa?

Fungua magurudumu ya mbele ya gari mbili zilizopita njia zilezile. Diski zote zina mistari, zote zimebaki na kaukingo pembeni ambako pedi (kibao kinachobana diski) haifiki, na zote zinatetemesha usukani ukikanyaga breki. Moja ikipelekwa kwenye mashine ya kukereza itarudi na kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Nyingine haistahili hata nauli ya kuifikisha huko. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kinachozitofautisha ni namba ndogo iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na unene utakaobaki baada ya kuchonga. Wengi hupima unene uliopo kabla ya kuchonga, wakaridhika, na hapo ndipo wanapokosea.

Namba hiyo itafute kwenye kofia ya diski, yaani pale katikati palipoinuka, au kwenye ukingo wa nje. Huandikwa MIN TH, yaani unene wa chini unaoruhusiwa, kisha milimita. Kutu ikiwa imeifunika, piga brashi ya waya mpaka isomeke. Diski za mbele za gari ndogo nyingi za Kijapani huanza na milimita 22 na mwisho wake ni 20, au huanza na 25 zikaishia 23. Za gari nzito kidogo utakuta 28 kwa 26. Za nyuma ambazo hazina matundu ya hewa ni nyembamba zaidi, na ruhusa yake ya kuliwa ni milimita moja hivi. Usifanye kazi kwa kukariri namba hizi. Soma iliyo kwenye diski yako.

Mtu husema, “Milimita mbili tu?” Ndiyo, na sababu yake iko ndani ya diski. Diski ya mbele yenye unene wa 22 si chuma kitupu. Ni sahani mbili za chuma cha kusubu, kila moja kama milimita 6 au 7, na katikati yake kuna njia za hewa. Ikiliwa milimita 2 kwa jumla, kila sahani imepoteza milimita 1. Kwa hesabu ya unene wa nje umepoteza asilimia 9, lakini kwa chuma chenyewe kinachobeba joto umepoteza kama asilimia 15.

Na kazi kubwa ya diski ni kubeba joto. Gari yenye kilo 1,500 ikisimama kutoka kilomita 80 kwa saa, kiasi cha asilimia 70 ya nguvu yake huishia kwenye breki za mbele. Kama kila diski ya mbele ina kilo 5, kusimama huko mara moja tu kunapandisha joto lake kwa nyuzi 50 hadi 60. Kwenye tambarare hilo si tatizo, maana diski inapoa kabla hujakanyaga tena. Lakini fikiria gari inayoteremka kutoka Manyovu kuelekea Mwandiga, mkoani Kigoma. Kasulu na Buhigwe ziko juu kwenye nyanda, wakati Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo njia ya kurudi Kigoma mjini ina miteremko ambayo dereva anakanyaga, anaachia kidogo, anakanyaga tena. Gari ikiwa imepakia tangawizi na maharage juu ya abiria, joto halipati nafasi ya kutoka. Diski nyembamba hushika moto haraka kama sufuria ya bati, pedi zinaanza kuteleza, na mafuta ya breki yanakaribia kuchemka. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu hushuka hadi 140. Yakichemka ndani ya kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, pedeli inazama mpaka chini bila kushika kitu.

Hatari ya pili haisemwi sana. Diski ikipita kiwango na pedi nazo zikawa zimekwisha, pistoni ya kalipa inalazimika kutoka nje kuliko ilivyopangiwa. Ikifika mahali pa kuachana na mpira unaozuia mafuta yasivuje, mafuta yanamwagika na breki ya gurudumu hilo haipo tena.

Kupima bila kudanganyika

Zuia magurudumu ya nyuma, legeza nati, inua kwa jeki na uweke stendi chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi. Vua gurudumu, fungua kalipa na uitundike kwa waya, isining'inie kwa bomba lake la mpira. Diski ikiwa imeng'ang'ania kwenye habu, yaani sehemu inayoshikilia diski na gurudumu, usiipige nyundo. Gari nyingi za Kijapani zina matundu mawili yenye nyuzi kwenye kofia ya diski. Ingiza bolti mbili za M8 zenye uzi wa 1.25, uzikaze kwa zamu kidogo kidogo, na diski itajisukuma yenyewe kutoka.

Kifaa kinachofaa ni maikromita, kipimo cha unene cha kukaza kwa skrubu. Pima sehemu nane kuzunguka diski, milimita 10 hadi 13 kutoka ukingoni, kisha tumia namba ndogo kuliko zote. Venia ya kawaida ina mtego: meno yake yanakalia ule ukingo ambao haujaliwa, ikakusomea unene mkubwa kuliko wa kweli. Diski iliyokwisha inaweza kuonekana nzima kwa njia hiyo. Kama una venia tu, chukua sarafu mbili za shilingi 200. Zipime kwanza zikiwa zimepachikana, uandike. Kisha weka moja kila upande wa diski, ndani ya ukingo, pima vyote kwa pamoja, na utoe unene wa sarafu. Utapata jibu la karibu sana. Njia hiihii itumie dukani unapouziwa diski iliyotumika, kabla hujatoa hela.

Angalia pia upande wa ndani. Ukichungulia kupitia rimu unaona uso wa nje tu, na mara nyingi wa ndani ndio ulioumia. Ukikuta umeliwa zaidi ya wa nje, pini za kalipa zimekwama au pistoni hairudi. Hapo kuchonga au kununua mpya ni sawasawa na kutupa fedha kama pini hazijatolewa, zikasafishwa na kupakwa grisi ya silikoni.

Hesabu yenyewe

Chukua diski ya 25 kwa 23. Umepima, sehemu nyembamba kabisa ni 24.6, na mistari ina kina cha milimita 0.1. Fundi ataondoa kama 0.15 kila upande, jumla 0.3. Inabaki 24.3, nawe una milimita 1.3 za kutumia. Ichongwe.

Diski nyingine ya namba hiyohiyo ina 24.1 na mistari ya kina cha 0.3. Kuisafisha kunahitaji 0.35 kila upande, jumla 0.7. Inabaki 23.4. Mashine itakubali, na kwa sheria bado iko juu ya 23. Lakini 0.4 iliyobaki kuna uwezekano mkubwa ikaisha kabla pedi mpya hazijaisha, hasa kwenye vumbi la njia za vijijini ambalo husaga chuma kila siku. Hiyo inunuliwe mpya. Kwa maoni yetu, kama baada ya kuchonga haitabaki angalau milimita 1 juu ya kiwango, au kama gharama ya kuchonga inazidi nusu ya bei ya diski mpya, usichonge. Kigoma spea nyingi zinasafirishwa kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo kusubiri kunakera na kishawishi cha kuchonga ni kikubwa. Afadhali gari ilale siku mbili.

Zipo diski ambazo hesabu haizihusu kabisa. Yenye ufa uliofika ukingoni au kwenye tundu la bolti ni ya kutupa hata kama ni nene. Yenye vishimo vya kutu vilivyozama kwa umbo la pedi, hali inayotokea gari ikiegeshwa masika yote, huishia hukohuko. Kutu nyepesi ya usiku mmoja wa mvua haihesabiki, inafutika ukikanyaga mara chache. Gari zilizotumika Japani kwenye mikoa ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, zichunguzwe ndani ya njia za hewa, maana huko kutu hula sahani kutokea upande usioonekana.

Madoa ya bluu au meusi yanahitaji maelezo. Chuma cha diski kikipanda kufikia nyuzi 650 hadi 700, sehemu zilizoungua hubadilika tabia na kuwa ngumu kuliko chuma kinachozizunguka. Kisu cha mashine kinaruka juu yake, au kinazipunguza kwa leo tu. Ukianza kutumia, chuma laini cha pembeni kinaliwa haraka, madoa yanabaki yameinuka, na mtetemo unarudi. Diski yenye madoa mengi ya namna hiyo usiihangaikie.

Na kuna ambayo haihitaji lolote. Iko juu ya kiwango, haitetemi, mistari yake inagusika kwa ukucha lakini haina kina? Weka pedi mpya na uendelee. Kuchonga diski isiyo na tatizo ni kuipunguzia maisha bure.

Mtetemo unaorudi baada ya mwezi

Hili ndilo linalowaumiza watu wengi. Diski imechongwa au ni mpya kabisa, gari inatulia, kisha baada ya kilomita elfu kadhaa usukani unaanza tena kucheza. Lawama inaenda kwa diski kwamba ni feki, imepinda. Mara nyingi haikupinda. Kilichotokea ni kwamba habu ilikuwa na kutu, diski ikakaa juu ya kutu hiyo na kuegemea upande kidogo. Ikizunguka inayumba, na kiwango cha kawaida cha kuyumba ni milimita 0.05 tu. Kila mzunguko sehemu ileile inagusa pedi hata hujakanyaga, inaliwa au inashika masalia ya pedi. Unene unaanza kutofautiana sehemu na sehemu. Tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha kusikika kwenye pedeli.

Kwa hiyo habu isafishwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, hasa kuzunguka kila bolti na kwenye kona ya kitovu. Ndani ya kofia ya diski vilevile. Kama kuna geji yenye uso wa saa, funga diski kwa nati zote na uipime ikizunguka, ikizidi 0.05, ihamishe tundu moja na upime tena. Isiposhuka popote, chunguza beringi na habu.

Sababu nyingine ya kuyumba ni ukazaji wa nati kwa mashine ya upepo, nati moja mpaka mwisho, kisha ya pili. Kaza kwa kuvuka upande wa pili, kwa awamu mbili au tatu, na umalize kwa spana ya kupimia mkazo. Gari ndogo nyingi za Toyota ni niuton-mita 103.

Kwenye mashine

Diski zichongwe mbili za ekseli moja, hata kama moja inaonekana nzuri. Tofauti ya kushika inavuta gari upande mmoja. Fundi aishike diski kwa tundu la katikati na uso unaokaa kwenye habu. Akiibana kwa ukingo wa nje ambao una kutu, ataongeza kuyumba kulikokuwa hakupo. Mashine yenye visu viwili, kimoja kila upande kwa wakati mmoja, ndiyo bora. Akilazimika kugeuza, akague unene kwa maikromita sehemu nane kabla diski haijaondoka pale. Mzunguko wa mwisho wa kisu uwe mwepesi, milimita 0.05 hivi, kisha msasa namba 120 au 150 upitishwe kwa mzunguko wa duara ndogondogo ili kuvunja mistari ya kisu. Grainda ya mkononi ikishikizwa kwenye diski huku gurudumu linazunguka si kuchonga. Inachimba mabonde, na ukingo ukipungua watu wanadhani kazi imefanyika.

Ikitoka kwenye mashine, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ukisugua kwa brashi. Unga wa chuma unajificha kwenye vitundu vidogo, na kitambaa chenye petroli hakiutoi vizuri. Diski mpya nayo huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Itolewe mafuta hayo kabla ya kufunga. Pedi za zamani zilizochukua umbo la mistari usizirudishe.

Ukishafunga, kanyaga pedeli mara kadhaa gari ikiwa imesimama mpaka iwe ngumu. Watu hugonga ukuta wa gereji kwa kusahau hili. Kisha tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu. Kimbia 50 kwa saa, kanyaga kwa nguvu ya wastani ushuke hadi 10 bila kusimama kabisa, acha nusu dakika, rudia mara nane hadi kumi. Endesha dakika kumi bila kukanyaga sana ili zipoe. Usisimame na mguu juu ya pedeli zikiwa za moto, kwani pedi itaacha alama yake mahali pamoja. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, pitia tena mkazo wa nati.