Mathayo katika mgolole wa mwanafalsafa

Watu wanaoona kwa mara ya kwanza picha ya Mathayo katika kitabu cha Injili cha Kibizanti, yaani cha milki ya Kirumi ya Mashariki, huniuliza swali lilelile: hivi ndivyo alivyokuwa? Huwa nawaambia wauache uso kwanza, watazame vyombo.

Mzee ameketi, miguu iko juu ya kibao, mgolole umepita begani. Mbele yake kuna meza yenye kidau cha wino, kalamu za tete na kisu cha kuzichongea, na juu yake marufaa iliyobeba kitabu. Mtoza ushuru wa Kapernaumu hakuishi hivyo. Huyu ni mwanafalsafa wa Kiyunani. Wayunani na Warumi walikuwa na desturi ya kuchora sura ya mtunzi mwanzoni mwa kitabu chake, na Wakristo waliporithi kitabu waliirithi na picha yake. Injili namba 43 ya monasteri ya Stavronikita, Mlima Athos huko Ugiriki, ya karne ya 10, haifichi hata kidogo: nyuma ya wainjili zimejengwa nguzo na kuta kama zile zilizopakwa rangi katika nyumba za matajiri wa Kirumi. Mchoraji hakuibuni mandhari hiyo kichwani mwake. Alikuwa na kielelezo cha kale mbele yake.

Katika karne ya 10 kuwarudia wakale kulikuwa na sababu yake. Kwa zaidi ya miaka 100, tangu miaka ya 720 hadi 843, milki ya Bizanti iligombana juu ya picha takatifu, zikubaliwe au zikataliwe, kukiwa na nafuu ya muda tu katikati. Watetezi wa picha waliposhinda, walitaka kuonyesha kuwa hawakuleta jambo geni, na hoja nzito kuliko zote ilikuwa ukongwe.

Vitabu vya kabla ya ugomvi huo vilivyosalia ni vichache mno. Ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha Rossano, kusini mwa Italia, cha karne ya 6: kurasa 376 za ngozi iliyotiwa zambarau, maandishi ya fedha, na mistari ya kwanza ya Injili kwa dhahabu. Zambarau ilikuwa rangi ya wafalme, lakini vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa hii haikutoka kwa konokono wa baharini wa bei mbaya. Ilitoka kwa kuvu wa miambani. Fahari yenye hesabu, basi. Hieronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, alikuwa amekwisha kuwakebehi wapenda ngozi za zambarau tangu zamani. Yeye alitaka nakala iliyosahihishwa vizuri. Humo humo Rossano, Marko anaandika huku mwanamke amesimama mbele yake, kama vile miungu wa kike walivyowasimamia washairi wa kale. Wapo wanaodai ukurasa huo uliongezwa baadaye. Hata kama ni kweli, aliyeuongeza aliijua desturi.

Sasa uso. Mara nyingi haupo. Wabizanti walipenda ngozi laini inayong'aa, wakaipaka ute wa yai, na rangi haishiki vizuri juu ya utelezi kama huo. Kila kitabu kikifunguliwa ngozi inajikunja kidogo, na rangi inabanduka vipande vipande. Nimeona Marko asiye na pua na Luka asiye na macho, na dhahabu nyuma yao inawaka vilevile. Isitoshe, picha hizi mara nyingi zilichorwa kwenye karatasi ya ngozi ya pekee, kisha zikashonwa ndani, kwa hiyo zilikuwa rahisi pia kung'olewa na wauzaji. Ukikuta Injili imeanza bila mwinjili wake, chungulia kwenye mshono.

Yohana ndiye anayeivunja kanuni. Kuanzia karne ya 10 na ya 11 anaonekana akiwa amesimama kisiwani Patmo, hana kalamu wala meza, shingo ameigeuza kuelekea mkono unaotokea mbinguni. Aliyeketi kama wanafalsafa sasa ni mwanafunzi wake Prokoro, kijana aliyeinamia ukurasa, na ukisogeza jicho karibu unaweza kuyasoma anayoandika: Hapo mwanzo.