Skrini Nyeusi Si Ushahidi: Dhana Potofu za Polisi Kuhusu Wanafunzi wa Kompyuta

Tarehe 30 Machi 2009 polisi waliingia katika chumba cha bweni cha mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta wa Boston College, huko Massachusetts, Marekani. Walibeba kompyuta zake, simu, iPod, flashi, kamera na hata CD ya Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux. Walikuwa wakimtafuta aliyewatumia wanachuo baruapepe inayodai kwamba mwenzake wa chumba wa mwanafunzi huyo ni shoga. Baruapepe ya namna hiyo inaumiza, na aliyetendewa ana kila haki ya kulalamika. Lakini isome hati ya kiapo waliyoipeleka mahakamani kuomba ruhusa ya upekuzi. Mle ndani, kwa maelezo ya huyo mwenzake, imeandikwa kwamba kijana anatumia mifumo endeshi miwili, yaani programu kuu mbili za kuendeshea kompyuta, ili kuficha uhalifu wake: mmoja ule wa kawaida wa chuo, na mwingine ambao ni skrini nyeusi yenye maandishi meupe anayoiandikia amri.

Hayo yaliwekwa mbele ya mahakama kama dalili za uhalifu. Nayapitia hapa pamoja na mengine ya aina hiyo, kwa sababu mawazo haya hayakuishia Massachusetts.

Dhana: Skrini nyeusi ni ya wadukuzi

Kompyuta yako inayo. Windows ina Command Prompt na PowerShell, Mac ina Terminal. Ifungue, andika ping ikifuatiwa na anwani ya tovuti yoyote, kisha bonyeza Enter. Kwenye Windows kwa kawaida itatokea mistari minne, kila mmoja ukikuonyesha jibu limechukua milisekunde ngapi kurudi. Mhudumu wa kampuni ya intaneti hukuelekeza ufanye hivyohivyo ukimpigia kulalamika kwamba mtandao unasumbua.

Mwanafunzi wa kompyuta anafundishwa amri hizi mapema kwa sababu seva nyingi duniani, yaani kompyuta zinazohudumia tovuti na mifumo, hazina madirisha ya kubonyeza wala kipanya. Unaziendesha kwa kuandika. Anayeona ajabu kumkuta mwanafunzi wa kompyuta kwenye skrini hiyo hajauliza chuoni wanafundisha nini.

Dhana: Mwenye mifumo endeshi miwili ana jambo analoficha

Mfumo endeshi wa Linux ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Leo kiini chake ndicho kinachoendesha kila simu ya Android, pamoja na zile walizo nazo wapelelezi mifukoni. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine katika orodha ya TOP500 zinatumia Linux.

Wanafunzi wengi wa kwetu huiweka kando ya Windows kwa sababu nyepesi kabisa: laptopu ya mtumba yenye RAM ndogo inapumua ikiwa na Linux, na programu za masomo zinapatikana bure. Ukiwasha mashine, menyu inakuuliza unataka mfumo upi. Tena mfumo wa pili haufichi kitu kwa kuwepo tu. Mpelelezi anayejua kazi yake akiifungua diski ataona sehemu zote zilizogawanywa, na ukubwa wa kila moja.

Dhana: Anayefungua simu zilizofungwa na mtandao ni mhalifu

Hili nalo lilikuwemo katika hati ile ya Boston: kwamba kijana anafungua simu za watu zitumie mitandao mingine. Tayari mwaka 2006, mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambaye sheria ya hakimiliki ya huko inampa mamlaka hayo, alikuwa ameruhusu simu ifunguliwe ili ihamie mtandao mwingine. Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi mafundi wanaifanya kazi hii mchana kweupe, bei ikiwa imebandikwa ukutani.

Dhana: Ukiona kwenye tovuti kitu ambacho mwenye tovuti hakukusudia ukione, umedukua

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu inamwangukia hata asiyesomea kompyuta.

Aprili 2018, katika jimbo la Nova Scotia, Kanada, polisi walivamia nyumba ya familia moja na kumkamata kijana wa miaka 19. Alikuwa amepakua hati zipatazo 7,000 kutoka tovuti ya serikali ya maombi ya habari, ambako wananchi huomba nyaraka za serikali, tovuti iliyowekwa kwa ajili ya umma. Kila hati ilikuwa na namba mwishoni mwa anwani yake. Alibadilisha namba, ikaja hati inayofuata. Hakukuwa na nywila ya kuvunja wala ukurasa wa kumzuia. Takriban 250 kati ya hati hizo zilikuwa na taarifa binafsi za watu, na walioziweka hapo bila kinga walikuwa watumishi wa serikali. Mwezi uliofuata polisi walitangaza kwamba hawana msingi wa kumshtaki.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2021, gavana wa jimbo la Missouri, Marekani, Mike Parson, alimwita mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch mdukuzi. Mwandishi huyo alikuwa ameangalia msimbo chanzo wa ukurasa wa serikali, yaani maandishi yanayoielekeza kompyuta namna ya kuuchora ukurasa, na kukuta namba za hifadhi ya jamii za walimu, ambazo Marekani ni namba za siri za utambulisho. Kivinjari cha kawaida cha kompyuta kinakuonyesha msimbo huo ukibonyeza Ctrl na U. Kivinjari hakiwezi kuuchora ukurasa bila kupewa msimbo wake, kwa hiyo seva ilikuwa imeshautuma kwa kila aliyeutembelea. Gazeti liliitaarifu serikali kwanza, likasubiri tatizo lirekebishwe, ndipo likachapisha. Februari 2022 mwendesha mashtaka alikataa kufungua kesi.

Dhana: Programu iliyomo kwenye kompyuta inatosha kumtambulisha mhalifu

Mwaka 2020 kikosi cha polisi cha kupambana na uhalifu wa magenge cha West Midlands, Uingereza, kilihusishwa na bango lililowaambia wazazi watoe taarifa wakikuta kwenye kompyuta ya mtoto Kali Linux (Linux ya kupimia usalama wa mifumo), Tor (kivinjari kinachoficha utambulisho), mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) au hata Discord. Shirika la Taifa la Uhalifu la huko, ambalo nembo yake ilikuwemo, lilijitenga nalo hadharani. Discord ni mahali vijana wanapopigia soga wakicheza gemu. Mashine pepe ni zana ya darasani. Tor ilizaliwa katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani. Bisibisi inaweza kufungua kitasa cha jirani, na hakuna anayekamatwa kwa kuwa nayo.

Dhana: Neno la anayeishi naye linatosha

Turudi Boston. Mwenzake wa chumba, ambaye walikuwa na ugomvi, alidai pia kwamba kijana aliingia kwenye mfumo wa alama na kuzibadilisha. Hilo likiwa kweli ni kosa zito. Lakini mfumo wa alama huweka kumbukumbu: akaunti gani iliingia, saa ngapi, ilibadilisha nini. Mpelelezi alipaswa kuanzia hapo.

Mawakili wa Electronic Frontier Foundation, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, walipinga hati ya upekuzi. Tarehe 21 Mei 2009 Jaji Margot Botsford wa mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts aliifuta, kwa kuwa maelezo yale hayakutoa sababu ya kutosha ya kuamini kwamba kosa limetendeka, akaagiza vitu virudishwe.

Dhana: Asiye na hatia hapotezi kitu, atarudishiwa vyake

Kutoka 30 Machi hadi 21 Mei ni karibu miezi miwili, muhula ukielekea ukingoni. Mwanafunzi wa kompyuta bila kompyuta hana kazi za darasani wala mradi, na huyu alikuwa pia amesimamishwa kibarua chake katika idara ya kompyuta ya chuo. Kwetu, ambako laptopu moja imenunuliwa kwa michango ya wajomba na shangazi, ikikaa kituoni kama kielelezo huenda mwaka ukapotea.

Dhana: Sheria zetu za makosa ya mtandao zinaruhusu hivyo

Zisome. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inamkataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria, na yote mawili lazima yathibitishwe. Ya Kenya, ya 2018, inakataza zana za udukuzi lakini inatambua mafunzo, majaribio na ulinzi wa mifumo vinavyofanywa kwa idhini.

Hata hivyo, mwishoni mwa Mei 2025, msanidi programu mmoja Nairobi alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa uliowasaidia wananchi kuituma baruapepe ya kupinga Mswada wa Fedha kwa kamati ya Bunge. Alilala rumande sikukuu ya Madaraka, kisha akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Mwezi Juni mahakama ilitupa mashtaka hayo, ikisema hayaonyeshi kosa lolote.