Okestra ya BBC: redio ilipoajiri wapiga fidla

Kwa wengi wetu BBC ni taarifa ya habari, na Idhaa ya Kiswahili iliyoanza kusikika mwaka 1957. Lakini shirika hilohilo linalipa mishahara wapiga fidla na tarumbeta wa okestra yake ya simfoni tangu 1930.

Mshahara ndio uliobadilisha mambo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mpiga ala wa London alikuwa kibarua. Akipata mahali penye malipo mazuri zaidi, alimtuma mwenzake amshikie nafasi, na pengine aliyeketi jukwaani usiku ule hakuhudhuria hata zoezi moja. Kiongozi wa okestra Henry Wood alipokataza mtindo huo katika okestra ya Queen's Hall, ukumbi wa muziki wa London, baadhi ya wapigaji walijitoa, na mwaka 1904 wakaanzisha okestra ya London Symphony. Ukumbini msikilizaji husahau kosa dogo kwa sababu ya shamrashamra. Redioni hana kingine cha kumshughulisha.

BBC ilimkabidhi Adrian Boult kazi ya kuongoza okestra yake. Alikuwa na wapigaji 114 wenye mikataba ya kudumu, na onyesho la kwanza lilifanyika Queen's Hall tarehe 22 Oktoba 1930. Wingi ule haukuwa wa kujionyesha tu, kwani kundi liliweza kugawanywa katika makundi madogo kulingana na mahitaji ya vipindi. Mwaka 1934 wakapata studio Maida Vale, katika jengo la 1909 ambalo awali watu walikwenda kuteleza kwa viatu vya magurudumu.

Kabla ya kupiga, obo, ambayo ni jamaa ya nzumari yetu ya pwani, hutoa sauti moja ndefu na wenzake wote hulinganisha ala zao nayo. Taa nyekundu ya kuashiria matangazo ikishawaka, hata karatasi ya noti hugeuzwa polepole, maana maikrofoni hainyamazii kitu.

Vita vilipoanza mwaka 1939 walihamishiwa Bristol. Mabomu yakawafuata, na mwaka 1941 wakaenda Bedford. Mei mwaka huo Queen's Hall iliteketea, na matamasha ya kila mwaka yaitwayo Proms yakahamia Royal Albert Hall, yaliko mpaka leo.

Binafsi naona faida kubwa ya mpango huu wa mishahara ni ujasiri. Okestra inayoishi kwa tiketi huogopa muziki mgeni. Ya BBC ilimwalika mtunzi Anton Webern mwaka 1936 aongoze konserto ya fidla ya mtunzi mwenzake Alban Berg, aliyekuwa amefariki miezi michache tu nyuma, na kati ya 1971 na 1975 ikawa chini ya kiongozi na mtunzi Pierre Boulez, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza masikio.

Fedha zinatokana na ada ya leseni ya televisheni inayolipwa na kaya za Uingereza, kwa hiyo bajeti ikibana, okestra huguswa. Machi 2023 BBC ilitangaza kupunguza takriban asilimia 20 ya nafasi za kudumu katika okestra zake za England. Wanamuziki na wasikilizaji walikuja juu, mpango ukasimamishwa. Maida Vale, hata hivyo, iliuzwa mwaka huohuo, na makao mapya yamepangwa kuwa Stratford, mashariki mwa London.