Asilimia kumi ya nani? Masomo ya chuo na mambo tunayoyathamini

Mwanafunzi wa uhandisi akiniuliza DS, yaani taaluma za maendeleo, itamsaidia nini kazini, huwa namrudishia swali: kwenye kozi ya uchumi wa miradi mlitumia kiwango gani cha punguzo, yaani asilimia ya kupunguza kila mwaka thamani ya fedha za baadaye ili kuzilinganisha na za leo? Wengi hujibu asilimia 10 au 12 bila kusita, maana ndicho kilichokuwa kwenye mfano wa mwalimu. Nauliza tena: nani alikichagua, na kwa nini? Hapo mazungumzo huanza kunoga, na mara nyingi hapo hapo kijana hugundua kuna jambo analiamini ambalo hajawahi kulitamka.

Nafundisha taaluma za maendeleo, ile kozi ambayo vyuo vikuu vingi vya Tanzania vimeifanya ya lazima, uwe unasoma sheria, udaktari, ualimu au kompyuta. Najua wanafunzi wanavyoichukulia. Unabukua wiki ya mwisho, unapata alama za kukuepusha na sapu (mtihani wa marudio), unarudi kwenye masomo yako. Sigombani nao sana kwa hilo. Mtu anayewaza bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi, litaingia lini ana mengi kichwani. Ninachokipinga ni wazo kwamba mambo ya msingi katika nafsi ya mtu yanafundishwa kwenye kozi yenye neno maadili katika jina lake, na masomo mengine ni ufundi mtupu. Miaka ya kusahihisha kazi za wanafunzi imenionyesha kwamba mtu hajui anachokithamini mpaka masomo mawili yampe majibu yanayopingana juu ya jambo lile lile, naye alazimike kuegemea upande mmoja.

Chukua Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji. Anayesoma umeme analiona kama mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Anayesoma haidrolojia anawaza mtiririko na mashapo. Wa ikolojia anauliza juu ya hifadhi ya wanyama ya Selous, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na juu ya mikoko ya delta, ambayo hakuna msitu wa mikoko unaoifikia kwa ukubwa katika pwani yetu. Kwenye DS namleta mkulima wa mlao. Huyu hupanda maji ya mafuriko yanapopungua bondeni, udongo ukiwa bado na unyevu. Kwake mafuriko ya kiasi ni mbolea na umwagiliaji, vyote bure. Yakizidi yanafagia kila kitu. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu wa bonde hilo kwenye vijiji vya ujamaa katika ardhi ya juu, lakini watu waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa sababu rutuba haikuhama nao. Mwezi Aprili 2024, Rufiji na Kibiti zilipofurika tena, ubishi ulirudi: bwawa limeyazidisha maji au limeyapunguza?

Sasa ile hesabu. Tuseme hasara ya samaki na mashamba itakayoletwa na bwawa miaka 50 kutoka leo ni shilingi milioni 100. Ukitumia kiwango cha punguzo cha asilimia 10, hasara hiyo inaingia kwenye mahesabu ya leo kama shilingi 850,000 hivi. Ukitumia asilimia 3, inaingia kama milioni 22.8. Mto ni ule ule na samaki ni wale wale. Kilichobadilika ni uzito ambao mtu aliyekaa mezani leo ameamua kumpa mtoto ambaye hajazaliwa. Uamuzi huo umefichwa ndani ya namba moja, na mwanafunzi ameinakili kutoka ubaoni akidhani ni kanuni ya kihesabu kama thamani ya pai.

Tusiwaonee wenye asilimia 10. Hoja yao ni nzito: nchi yenye uhaba wa mitaji haiwezi kufungia fedha kwenye faida za nusu karne ijayo wakati fedha hizo hizo zingeweza kuzalisha mengi sasa. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeitetea hoja hii vizuri kuliko vitabu. Kwao, alisema, mama hujifungua kwa mwanga wa tochi ya simu, na yeyote anayemwambia asubiri kwa ajili ya vizazi vijavyo basi aanze kwa kuzima taa za kwake. Jirani yake darasani alitoka katika familia ya wavuvi na alitumia asilimia 3. Wote wawili walipata alama za juu. Hesabu zilikuwa sahihi kwa wote, na kila mmoja aliweza kueleza ni nani anayebeba gharama ya chaguo lake. Mimi naegemea kiwango cha chini, kwa sababu anayeumia baadaye hana mwakilishi kwenye kikao. Huwa nawaambia hivyo, lakini baada ya kukusanya kazi zao.

Takwimu nazo zina mlango kama huu. Kila aliyesoma takwimu amefundishwa kukubali asilimia 5 ya uwezekano wa kusema kuna tatizo wakati halipo. Ukipima visima ambavyo maji yake ni salama kwa utaratibu huo, kwa wastani utafunga 5 katika kila 100 bila sababu. Ukilegeza zaidi, unafunga vingi. Ukikaza, unaacha wazi vyenye sumu. Ni lipi baya zaidi, kumtembeza mtu kilomita nyingi kutafuta maji bila sababu, au kumnywesha maji machafu? Jedwali la takwimu halijibu hilo.

Ubishi wa namna hii una historia kwenye vyuo vyetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewalazimu kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuo zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi mwaka uliofuata, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, chuo cha Dar es Salaam kiliitisha mkutano kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Kozi za pamoja zilizokuja kuwa DS zinatokana na mjadala huo, na mwaka 1973 taasisi ya kuzifundisha, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo (IDS), ikaanzishwa. Hoja ya wakati ule ilikuwa msomi wa fani yoyote aulizwe anamsomea nani. Naliheshimu swali hilo. Siliheshimu jibu likitolewa pamoja na swali, na kipindi fulani lilitolewa hivyo.

Ndiyo maana simwombi mwanafunzi aniandikie orodha ya tunu zake. Ukiomba orodha utaletewa uaminifu, uzalendo na kujituma, kwa mpangilio huo huo kutoka kwa watu hamsini, na siku hizi akili mnemba inaiandika kwa sekunde chache. Naomba ukurasa mmoja juu ya namba au sentensi moja kutoka kozi nyingine ambayo alibishana nayo kimoyomoyo. Aniambie nani atalipa ikifuatwa. Kisha aniambie yeye mwenyewe yuko tayari kupoteza nini ili isifuatwe, na hapa wengi hukwama, kwa kuwa kuthamini kitu bila kukilipia hakumgharimu mtu chochote.

Ukurasa ulionigusa kuliko yote uliandikwa na mwanafunzi wa ualimu. Kwenye kozi ya mitaala alikuwa amesifia ufundishaji unaomweka mwanafunzi mbele. Alipokwenda BTP, mazoezi ya kufundisha shuleni, akapewa kidato cha pili chenye wanafunzi karibu mia, na katika wiki ya tatu akajikuta anawauliza maswali walioketi dawati la mbele tu, kwa sababu wanajibu haraka na mada inakwisha. Aliandika kwamba kwa vitendo alithamini kumaliza silabasi, na kwamba anataka kujua kama ni yeye, au ni idadi ya watoto, au ni mkaguzi anayekuja kuangalia andalio la somo. Hakujipamba hata kidogo. Tulikaa na ukurasa ule karibu saa nzima, na sidhani kama mhadhara wangu wowote umewahi kumfikisha mtu mbali hivyo.

Kikwazo kikubwa ni idadi. Ukumbi ukiwa na watu mia nne, huwezi kusoma kurasa mia nne kwa makini kila muhula. Ninachofanya ni kuwapanga wawili wawili kwa fani tofauti, mhandisi na mwalimu, mhasibu na mtu wa kilimo. Kila mmoja anausoma ukurasa wa mwenzake na kuujibu kwa maandishi kabla haujanifikia. Mhasibu ambaye hajawahi kusikia mlao analazimika kuuliza ni nini, na mtu wa kilimo analazimika kueleza bila kutumia maneno ya darasani kwake. Nalisahihisha zaidi lile jibu kuliko ukurasa wenyewe. Mwalimu mwenzangu unayefundisha kozi kubwa kama yangu, lijaribu hili muhula ujao, na ukianza, anza na kiwango cha punguzo.