Je, wajua mistari ya ndege ya mfano haichorwi?

Tazama kwa karibu ndege ya mfano ya plastiki iliyopakwa rangi na mkono uliozoea. Mabawa na kiwiliwili vimegawanywa kwa mistari myembamba ya giza: hapo ndipo, kwenye ndege halisi, bati moja la alumini linapokutana na jingine. Kwa miaka kadhaa niliamini mistari ile huchorwa kwa kalamu na rula, na kwamba ndege halisi zina mistari myeusi vilevile. Yote mawili si kweli, na la pili ndilo zito zaidi.

Abiria anayetembea kuifuata ndege ya pangaboi katika Uwanja wa Ndege wa Dodoma huona ubavu mweupe, laini. Maungio yapo, lakini hayajitokezi mpaka awe karibu kabisa, kwani upana wake ni milimita chache tu. Sasa piga hesabu. Katika kipimo cha 1:72, yaani mfano mdogo mara 72 kuliko ndege halisi, mfereji wa milimita 0.2 ulio kwenye plastiki mahali pa maungio ungekuwa na upana wa milimita 14.4 kwenye ndege kamili. Kidole kingeingia! Mstari wa mfano, basi, hauigi ufa. Unasimama badala ya kivuli, kwa kuwa mfereji mdogo namna ile hauwezi kutia kivuli cha kutosha jicho likione. Wapo waundaji wanaoona hata hivyo umetiwa chumvi, nao huuacha hafifu au huuacha kabisa. Hilo ni suala la jicho la mtu.

Ninachokisisitiza ni kwamba mistari haipaswi kulingana. Kifuniko cha injini hufunguliwa mara kwa mara, na kingo zake hushika grisi. Bati lililopigwa riveti kiwandani likakaa miaka bila kuguswa halina sababu ya kuzungukwa na weusi. Na juu ya rangi nyeupe, kijivu hutosha. Nyeusi tupu huigeuza ndege kuwa ramani.

Mstari huingiaje, kama hauchorwi? Fikiria kibatari. Mafuta ya taa yako chini, moto uko juu, na hakuna anayeyasukuma. Hupanda yenyewe kwa kupenya kwenye vinafasi vya utambi. Kimiminika hunata kwenye kuta za nafasi nyembamba, na kwa kuwa chembe zake hushikana, zile za mbele huzivuta za nyuma. Kadiri nafasi inavyokuwa nyembamba, ndivyo mvuto unavyozidi. Mfereji wa bawa ni utambi uliolazwa. Rangi ya mafuta huzimuliwa kwa thina hadi iwe kama chai ya rangi, kisha ncha ya brashi huugusa mfereji mahali pamoja tu. Rangi hukimbia yenyewe, hupinda kona, hufika mwisho wa bawa. Nimeiona mara nyingi na bado huniachisha kazi niitazame.

Sharti ni kutanguliza vanishi ya kung'aa. Maji yakimwagikia ukuta wa udongo wa tembe hunyweka papo hapo na kuacha doa. Yakimwagikia kigae huteleza kutafuta mfereji. Rangi isiyong'aa, ingawa kwa macho ni laini, ina vishimo vidogo vingi vinavyofanya kazi ya ule udongo. Vanishi huifanya kigae. Tena ikauke vizuri, na rangi ya chini iwe ya akriliki, isiyo ya mafuta, maana thina huweza kuilainisha rangi ya mafuta iliyotangulia. Dodoma wakati wa kiangazi, upepo unapobeba vumbi, kazi mbichi hufunikwa kwa beseni.

Rangi ikishaanza kukauka, iliyofurika nje ya mfereji hufutwa kwa kitambaa kilicholowa thina kidogo sana, kutoka ukingo wa mbele wa bawa kwenda nyuma, kama upepo unavyopita. Kivuli chepesi kitakachobaki kitalala kule ambako masizi na mafuta ya ndege halisi huburutwa.