Printa ya 3D inajenga nyumba nzima kwa siku moja?

Wengi tunaamini hivo, kwamba unawasha mashine asubuhi jioni unakabidhiwa funguo, na fundi ndo basi tena hana kazi. Video zinaonyesha hivohivo kwa hiyo si ajabu mtu akiamini. Ila kinachochapwa kwa kawaida ni kuta tu. Mfano shule ya Salima kule Malawi, 2021, kuta zilichukua kama saa 18, na zile ni saa za kuta, sio jengo zima.

Mashine inafuata ramani ya kompyuta, inamwaga mota nzito (ule mchanganyiko wa saruji na mchanga) tabaka juu ya tabaka, mota ikiwa nyepesi sana tabaka zinabonyea, ikikauka mapema bomba linaziba, so lazima mtu awepo pale anaangalia mchanganyiko muda wote. Msingi, paa, waya, mabomba, madirisha bado ni mafundi, japo kweli waashi wa kuta wanapungua na hilo tusilifiche.

Ukiona video ipause uangalie msingi ulishamwagwa kabla au la, paa kaweka nani, alafu uliza hizo saa zinahesabiwa kuanzia wapi mpaka wapi.