"Mwalimu, mimi nina staili yangu"

Nimeisikia tena wiki hii hapa Shangani, kutoka kwa kijana ambaye watu wote anaowachora mikono iko mifukoni. "Mwalimu, mimi nina staili yangu. Hata Picasso hakujua kuchora watu."

Hakujua! Mchoraji Pablo Picasso alizaliwa Málaga, Hispania, mwaka 1881, na baba yake, José Ruiz Blasco, alikuwa mwalimu wa uchoraji. Akiwa mtoto tu alikalishwa mbele ya sanamu za plasta, achore kwa mkaa mguu, kiwiliwili, misuli. Mwaka 1897, akiwa na miaka 15, alichora "Sayansi na Hisani": daktari ameketi kando ya kitanda, ameshika mkono wa mgonjwa anahesabu mapigo. Mkono, si mfuko. Zile sura zilizovunjwavunjwa za "Les Demoiselles d'Avignon" ni za 1907, miaka kumi baadaye. Alivunja kitu alichokuwa nacho.

Na hiyo staili? Tazameni sahihi zake. Za utotoni zinasomeka P. Ruiz, jina la baba. Kisha P. Ruiz Picasso. Kwenye mwaka 1901 ndipo inabaki Picasso, jina la mama. Hata jina lilimjia akiwa kazini. Kijana wangu sahihi yake ni kubwa kuliko kichwa cha mtu aliyemchora.

Ushauri wangu ni uleule, mmeuchoka: kifutio kiacheni nyumbani, nendeni kwenye maghala ya korosho. Mtazame kibarua akishatua gunia. Uzito wote kauweka mguu mmoja, nyonga ya upande huo imepanda, bega lake limeshuka. Pima: mtu mzima ana urefu wa vichwa saba au saba na nusu. Kiganja kikikunjuliwa kinafunika uso kuanzia kidevu hadi paji.

Mengine niyamalize haraka. Eti kuchora umbo lazima mtu awe uchi: hapana, mikunjo ya khanga inakuonyesha goti lilipo. Eti kinyago cha shetani cha Kimakonde ni mila ya mababu: mtindo huo ulianza miaka ya 1950, na mchongaji Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuuanzisha. Cha mababu ni lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani. Eti msanii George Lilanga alichora katuni tu: mzee yule wa Masasi alichonga magogo kabla ya kushika brashi.

Jumamosi kijana karudi na vibarua tisa. Wanane mikono iko nyuma ya mgongo. Wa tisa ana vidole sita.